Tanini: kinachokausha ulimi katika mvinyo mwekundu

Ukishameza mvinyo mwekundu, ulimi hukwaruza, ufizi hukaza, na mashavu kwa ndani huwa kama yamefutwa utelezi. Huo ndio ukakasi. Unaletwa na tanini, kundi la kemikali ambazo mimea hujikinga nazo dhidi ya wanaoila. Mate yana protini zinazofanya mdomo uteleze. Tanini huzinasa protini hizo, zikagandamana, na utelezi ukatoweka. Kwa hiyo tanini huhisiwa kwa mguso zaidi kuliko kwa ladha. Chai iliyoachwa na majani yake muda mrefu hukausha mdomo kwa njia hiyohiyo.

Wanywaji wengi huchanganya ukakasi na mambo mengine, wakaishia kununua chupa wasiyoitaka. Mvinyo mkavu ni ule ambao sukari yake karibu yote imegeuka pombe. Kukauka kwa mdomo hakuhusiki. Riesling kavu ya Ujerumani, mvinyo mweupe, haina ukakasi wa kutajika, ilhali Port changa, mvinyo ulioongezwa pombe kali wa Ureno, ni tamu na ina tanini tele. Ugwadu nao una dalili yake: meza, kisha subiri sekunde chache. Mate yakijaa mdomoni, umeonja ugwadu. Mdomo ukikauka, umekutana na tanini. Uchungu ndio mgumu zaidi kuutenga, kwa sababu mara nyingi huandamana na tanini za mbegu.

Ndani ya tunda, tanini hukaa kwenye maganda, mbegu na vikonyo. Majimaji yenyewe yana kidogo sana. Ndiyo maana mvinyo mweupe hauna ukakasi mwingi: zabibu hukamuliwa kwanza, maganda yakatolewa, ndipo majimaji yakachachushwa. Mwekundu huchachuka pamoja na maganda na mbegu zake, na muda wa kulowekwa huko huamua mengi. Rozé, mvinyo wa rangi ya waridi, hukaa na maganda saa chache, pengine siku nzima. Beaujolais Nouveau, mwekundu mwepesi wa Ufaransa unaonyweka ukiwa mchanga, hukaa siku nne au tano. Barolo ya mtindo wa kale, mwekundu wa Italia, huweza kupita siku 30. Na katika nchi ya Georgia, hasa mkoa wa Kakheti, zabibu nyeupe huachwa na maganda kwa miezi kadhaa ndani ya qvevri, mitungi mikubwa ya udongo iliyofukiwa ardhini. Unatoka mvinyo wa rangi ya kaharabu wenye ukakasi kama wa mwekundu. UNESCO iliitambua njia hiyo mwaka 2013.

Kulowesha kunaweza kuharibu pia. Tanini za maganda hutoka mapema. Za mbegu hutoka taratibu, kadiri pombe inavyoongezeka. Mbegu zikiwa bado za kijani, mvinyo huwa mchungu na mkwaruzo wake ni wa kuudhi. Mtengenezaji makini hutafuna mbegu shambani kabla ya kuvuna: anataka ziwe za kahawia na zivunjike kwa mlio. Kosa jingine ni kukamua maganda kwa nguvu mno mwishoni. Majimaji ya mkamuo huo huwa makali, ndiyo sababu huwekwa kwenye chombo chake, kisha yakaonjwa kabla ya kuamua kama yatachanganywa na mengine.

Usipime tanini kwa rangi. Katika vilima vya Piemonte, Italia, zabibu aina ya Nebbiolo, ile ya Barolo, hutoa mvinyo uliopauka kiasi cha kuona vidole upande wa pili wa glasi, lakini ukakasi wake ni miongoni mwa mikali zaidi duniani. Barbera, inayolimwa jirani nayo, ni nyeusi tititi na ina tanini kidogo tu; nguvu yake ni ugwadu. Mtu anayetaka kuielewa dhana hii haraka anywe hizo mbili pamoja, somo lake halina mpinzani. Wenye tanini nyingi wengine ni Cabernet Sauvignon, Sagrantino wa Umbria, na Tannat wa Madiran, kusini magharibi mwa Ufaransa, ambaye pia amestawi sana Uruguay. Gamay na Pinot Noir kwa kawaida ni wapole.

Ukali wa Tannat ndio uliomfanya Patrick Ducournau wa Madiran, mwanzoni mwa miaka ya 1990, abuni njia ya kupitisha viputo vidogo vya oksijeni ndani ya mvinyo ili tanini zilainike mapema. Pipa la mwaloni hufanya kazi inayokaribiana na hiyo polepole, ingawa nalo huongeza tanini zake, hasa likiwa jipya. Sheria ya Barolo hudai miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati yake ndani ya mbao. Kule Bordeaux, ute wa mayai, kama matatu hadi sita kwa pipa la lita 225, hutiwa ili protini yake inase tanini kali na kuzama nazo.

Katika chupa, tanini huungana zenyewe kwa zenyewe na pia na rangi, nyingine zikatua chini kama mashapo. Lakini muda hautibu kila kitu. Mvinyo mchanga wenye ukakasi mwingi na tunda dogo, yaani ladha hafifu ya matunda, hautapata uwiano kwa kutunzwa. Tunda litakufa kwanza.

Ukiunywa, joto la nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi linafaa. Ukitoka kwenye friji moja kwa moja, ukakasi huonekana mkali kuliko ulivyo. Uache mezani kama nusu saa. Ukakasi pia hujilimbikiza kila funda, kwa hiyo anayeonja chupa kadhaa atulie kidogo katikati, ale mkate, anywe maji. Nyama na jibini husaidia kwa sababu protini na mafuta yake huipa tanini kitu kingine cha kushika, na chumvi hupunguza makali. Pilipili huyazidisha. Ile ladha ya chuma inayotokea mwekundu ukinywewa na samaki mara nyingi husingiziwa tanini, lakini watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2009 kwamba chanzo ni madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo. Mwekundu wenye chuma kidogo huliwa na samaki bila shida.