Agosti Bustani Yako Ina Ua Gani?

Masika yakianza tu, watu wa Dar es Salaam wanakumbuka bustani. Wanasimama kwa wauza miche wa kando ya barabara ya Bagamoyo, wanapakia viroba kwenye bajaji, wanapanda vyote siku hiyo hiyo. Mei na Juni nyumba inapendeza hadi majirani wanasimama getini. Ikifika Agosti, ua pekee lililobaki ni lile la kwenye kanga.

Miche haina kosa, kosa ni kalenda. Maelekezo mengi ya bustani yameandikwa kwa nchi za baridi, ambako urefu wa mchana na theluji ndivyo vinavyoamua. Sisi tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi kabisa wa mwaka haifiki saa moja. Hapa mwenye amri ni mvua. Masika ni Machi hadi Mei, kipupwe Juni hadi Agosti, vuli Oktoba hadi Desemba, kisha kiangazi kikali cha Januari na Februari. Kila majira yana maua yake, na kazi yako ni kuhakikisha hakuna majira yaliyoachwa mikono mitupu.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, chukua daftari, andika miezi 12, na mbele ya kila mwezi andika kinachochanua kwako sasa. Pengo utaliona mwenyewe. Kisha mwezi huo wa pengo zunguka mtaani kwako. Ua utakalolikuta limechanua kwa jirani, kwenye mchanga kama wako na maji kama yako, ndilo la kupanda. Naliamini hilo kuliko picha yoyote ya kwenye simu.

Pengo la wengi ni kipupwe na Septemba, na dawa yake ni bogenvilia. Mama mmoja wa Tabata alinifuata akilalamika kwamba yake ina majani tu. "Mwanangu, nainywesha kila jioni!" Nikamwambia, mama, hapo hapo ndipo penye tatizo. Bogenvilia ikishiba maji huota majani. Ikipata jua la kutwa na kiu kidogo ndipo inapochanua. Kile chekundu tunachokiita ua ni jani lililobadilika rangi. Ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati. Huchanua kwenye matawi machanga, kwa hiyo ikimaliza, ipogoe. Tena hustahimili maji ya kisima yenye chumvichumvi, ambayo waridi hayawezi.

Kwa kiangazi panda vinka na adenium (waridi la jangwani). Vinka usiiweke panapotuama maji, masika itaoza shina. Utomvu wa adenium ni sumu, kama ulivyo wa mioleanda, kwa hiyo vyote viwili vikae mbali na watoto. Asumini hupenda joto, na jioni ya Desemba harufu yake inafika barazani yenyewe. Mkrismasi nao unawaka mwekundu wakati huo, ila kwenye kiwanja kidogo usiupande: mizizi itakuvunjia ukuta. Utazame ule wa jirani. Kwa masika panda maua ya kana. Haibiskasi na iksora hazichagui sana majira, ndizo uti wa mgongo wa bustani.

Maua ya muda mfupi, kama zinia na kosmosi, huchanua takriban miezi miwili baada ya kusia. Ukisia pakiti nzima siku moja, yatakufa yote pamoja. Sia kidogo kila baada ya wiki nne. Ua likinyauka likate, kwa sababu mmea ukishazaa mbegu huona kazi yake imekwisha.

Mchanga wetu wa pwani haushiki maji wala mbolea. Kila shimo litilie karai la samadi iliyooza vizuri (mbichi inaunguza mizizi), kisha funika juu kwa majani makavu au makumbi ya nazi. Mwagilia asubuhi, mara mbili au tatu kwa wiki, maji yazame chini. Kunyunyiza kidogo kila siku kunafundisha mizizi ibaki juu, ambako jua linaikaanga.

Lantana sishauri hata ukipewa bure. Ndege wanasambaza mbegu zake na inageuka gugu la kudumu.

La mwisho ni visahani vya chini ya vyungu. Jiji hili lilipata milipuko ya homa ya dengue mwaka 2014 na 2019, na mbu wake hutaga kwenye vyombo vidogo vya maji kama hivyo. Yai huweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku kama saba hadi kumi, hivyo mwaga maji na sugua kisahani kila wiki. Au kijaze mchanga mpaka ukingoni: unyevu utabaki, mbu hatapata pa kutagia.