Panya wa Rungwe na ritifaa iliyopotea

Asubuhi moja kando ya msitu wa Mlima Rungwe nilimtoa panya kwenye mtego wa bati, nikabaki na mkia mkononi. Mwenye shamba tulilopitia akacheka: "Mwalimu, umemvua suruali!" Ndivyo walivyo panya wa jenasi ya Lophuromys. Ngozi yao huchanika kwa kitu kidogo, na mkia ukishikwa vibaya huachia. Wengine tunawanasa tayari ni vibutu.

Mguse mgongoni: manyoya magumu, yamelala kama ya brashi ya viatu. Tumbo lina wekundu wa kutu. Wenye mahindi wasimwonee bure, maana anachotafuta zaidi ni siafu na wadudu wengine.

Kwa miaka mingi panya wa namna hii, kuanzia Ethiopia mpaka kwetu huku, walirundikwa chini ya jina moja, Lophuromys flavopunctatus, yaani mwenye vidoa vya njano. Hata yule wa Kilimanjaro, aliyepewa jina lake la aquilus tangu 1892, alimezwa humo. Sioni ajabu. Ukiwapanga mezani, mmoja wa Rungwe na mmoja wa Usambara, hata mimi macho peke yake hayanitoshi. Ndipo mwaka 2007 mtafiti Walter Verheyen na wenzake walipolinganisha vipimo vya mafuvu na vinasaba, wakatangaza spishi mpya 5. Nne ni za milima ya Tanzania: makundii wa Hanang, kilonzoi wa Usambara, sabunii wa Mbizi kule Ufipa, na machangui wa hapa Rungwe. Wote wanne wana majina ya watafiti wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kipunji, yule nyani wa mlima huu huu, kila mtu anamjua; huyu jirani yake hakupigiwa hata vigelegele.

Jina la mwanamume huongezewa i mwishoni, ndiyo maana unaona i mbili kwenye makundii na sabunii (wanafunzi hudhani huyu wa pili anakula sabuni). Kwa Machang'u, mwenye jina lililozaa machangui, kuna kioja. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama haziruhusu ritifaa, ile alama ya ' katika ng', kwa hiyo ng' ya ng'ombe ikaandikwa kama ng ya ngoma. Mswahili akisoma machangui anapotea njia kabisa.

Turudi kwenye ule mkia. Zamani Lophuromys aliwekwa kundi moja na panya wa majumbani. Vinasaba vikamhamisha: yuko kwenye nusufamilia ya Deomyinae, pamoja na panya miiba wa jenasi ya Acomys. Na hao nao, ukiwashika, ngozi inakubakia mkononi.

"Sasa huyu tumwite nani?" yule mwenye shamba aliniuliza tukishuka. Nikamwambia. Akalirudia mara mbili, kwa ng' ya ng'ombe kama alivyolisikia, kisha akataka kujua huyo Machang'u ni mtu wa wapi.