Kuta za terakota za Burnham: maji huingilia wapi

Msanifu majengo wa Marekani Daniel Burnham alipofariki mwaka 1912, kampuni yake ya Chicago ilikuwa imeshasanifu majengo ya Reliance (1895) katika jiji hilo na Flatiron (1902) kule New York. Warithi wake, Graham, Anderson, Probst & White, waliongeza jengo la Wrigley, lenye terakota (vipande vya udongo wa kuchoma) ya weupe wa aina sita unaozidi kung'aa kadiri mnara unavyopanda. Wengi husifu urefu. Mimi naona urithi wenyewe ni ukuta usiobeba jengo: uzito wote uko kwenye fremu ya chuma, na terakota imevalishwa nje yake.

Kila kipande ni kisanduku cha udongo wa kuchoma, kiwazi ndani, chenye glezi (tabaka la mng'ao kama kioo) usoni na vishikizo vya chuma nyuma. Glezi haipitishi maji, na hapo ndipo penye hatari. Maji huingilia kwenye maungio yaliyochakaa, kisha hukosa pa kukaukia. Vishikizo hushika kutu, kutu hutanuka mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwepo, na kipande hupasuka kuanzia ndani. Barafu ya Chicago humalizia kazi.

Halafu kuta nyingi za wakati ule hazikuwekewa nafasi za kutanukia. Fremu hufupika kidogo kwa mzigo, udongo nao huvimba polepole kwa unyevu, hivyo ukuta hujikuta umebanwa na uzito usio wake. Nyufa ndefu za wima kwenye kona mara nyingi hutokana na hilo. Kuziziba bila kukata ungio la kupunguza mbano ni kupoteza fedha.

Kukagua, gonga kila kipande kwa nyundo ya mbao. Kilicho kizima hulia kwa ukali. Kilichoachia hutoa mlio butu, hata kama uso wake hauna ufa.

Maungio mabovu chokora hadi kina cha mara mbili na nusu ya upana wake, ujaze mota (mchanganyiko wa kuunganishia) ya chokaa iliyo laini kuliko udongo. Saruji ngumu hubana kingo na kubandua glezi. Kusafisha kwa kupuliza mchanga ni marufuku kabisa, kwa maana glezi ikishatoka hairudi.

Kipande kipya kinahitaji kalibu kubwa kuliko kile cha zamani, kwa kuwa udongo hunywea takriban asilimia 8 ukikauka na kuchomwa. Vishikizo vyake viwe vya chuma kisichoshika kutu.