Blanki Imepanda: Tunayoyaamini Kuhusu Uchafuzi wa Zebaki Maabara, na Ukweli Wake

Blanki, yaani kipimo kisicho na sampuli ndani kinachotakiwa kusoma karibu na sifuri, ikipanda kwenye mashine ya kupima zebaki, neno la kwanza unalolisikia maabara ni "mashine imeharibika, mwite fundi." Fundi anakuja, anafungua, anabadilisha taa, anaacha ankara. Kesho yake blanki iko palepale. Mimi naamini hakuna kifaa kinachosingiziwa maabara kama hiki. Kazi yake ni kuhesabu mvuke wa zebaki unaopita mbele ya mwanga wa nanomita 253.7. Ukiacha unyevu unaotuama kwenye seli, kijibomba ambamo mwanga hupita, na kuudanganya mwanga, mashine ikisema zebaki ipo, mara nyingi ipo kweli. Cha kutafuta ni mahali ilipoingilia.

Kwa hiyo usianze na bisibisi. Pima blanki kumi mfululizo, kisha tazama namba zinavyokwenda, maana kila uchafuzi una mwendo wake. Zikishuka hatua kwa hatua, tuseme 40, 22, 13, 8, kuna zebaki ya sampuli iliyopita imeng'ang'ania kwenye mirija na inatoka kidogo kidogo. Zikisimama pamoja, 30, 31, 29, 30, mkosaji ni kitu kinachoingia kwa kipimo kilekile kila mara: maji, asidi, kloridi ya bati (kemikali inayoigeuza zebaki kuwa mvuke) au gesi inayoubeba mvuke huo. Zikirukaruka, 4, 35, 6, 19, iache mashine na uangalie chupa moja moja, glavu na hewa ya chumba.

Ukishaujua mwendo, fuata njia. Pitisha gesi peke yake. Kisha gesi na kloridi ya bati. Kisha ongeza asidi. Mwisho pima blanki kamili, iliyopitia uchemshaji uleule wa sampuli. Pale namba inaporuka ndipo pa kuchimba. Na badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha mpira wa pampu, asidi na chupa siku hiyohiyo, blanki itashuka na hutajua nani alikuwa na kosa. Mwezi ujao utaanza upya.

Imani kwamba asidi ya nitriki husafisha kila kitu imetugharimu siku nyingi. Kwa risasi au shaba, sawa. Zebaki hushika kuta za vyombo na mirija, na nitriki peke yake haiiachishi vizuri. Inataka kitu kitakachoivuta kuliko ukuta: asidi ya hidrokloriki, bromini kloridi, sisteini, au dhahabu kidogo sana iliyoyeyushwa kwenye maji ya kusuuzia. Mchimbaji mdogo wa Geita au Chunya anaujua undugu huu kwa upande wa pili: yeye hutumia zebaki kunasa dhahabu, sisi tunatumia dhahabu kunasa zebaki. Upande wa gesi kuosha hakusaidii sana, kwa sababu mvuke huzama ndani ya mpira laini wa silikoni. Mpira huo hutolewa, ukatupwa pamoja na taka za zebaki, na kuwekwa mpya.

Wengine husema mashine ya kisasa hupima sampuli yoyote unayoipa. Hapa naomba tuwe waangalifu mno. Krimu za mkorogo huletwa maabara bila mtu kujua zina nini. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, hapo awali uliweka mpaka wa miligramu 1 kwa kilo, lakini zipo zenye maelfu. Piga hesabu: gramu 0.1 ya krimu yenye zebaki asilimia 1 ina nanogramu milioni 1. Gramu 0.1 ya samaki mwenye miligramu 0.2 kwa kilo ina nanogramu 20. Kwa kipimo kimoja umeingiza mashineni zebaki ya vipande 50,000 vya samaki. Baada ya hapo kila samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam, ataonekana ana sumu, na mfanyabiashara anayezuiliwa mzigo kwa namba hiyo hana namna ya kujua kwamba zebaki ile ilitoka kwenye kopo la krimu. Sampuli usiyoijua izimue mara 10,000 kwanza, halafu punguza uzimuaji taratibu.

Asidi ya bei ghali si kinga. Chupa iliyofunguliwa ndani ya chumba chenye mvuke hunyonya mvuke huo. Kloridi ya bati nayo huweza kuja na zebaki yake tangu kiwandani, ila dawa yake ni rahisi: iyeyushe, kisha ipulizie naitrojeni au argoni usiku kucha. Bati lenyewe huigeuza zebaki kuwa mvuke na gesi huiondoa.

"Mbona hakuna harufu?" Zebaki haina harufu. Kwenye nyuzi 20 za selisiasi, mililita moja ya hewa iliyoshiba mvuke wake hubeba kama nanogramu 13. Kwenye nyuzi 30, kiyoyozi kikizimwa, zaidi ya mara mbili ya hapo. Sasa linganisha na mililita 100 za maji yenye nanogramu 0.5 kwa lita: ndani yake mna nanogramu 0.05 tu. Ndiyo maana kipimajoto kilichovunjika mwaka juzi kikaachwa kwenye ufa wa droo bado kina la kusema. Unga wa salfa uliomwagiwa hufunika tone juu tu. Tone lenyewe lazima liokotwe.

Maabara moja niliyofanya kazi, blanki zetu zilirukaruka wiki mbili. Mwishowe niliacha vikombe vya maji yenye asidi wazi usiku kucha, kimoja kila meza. Asubuhi vyote vilikuwa safi isipokuwa kile cha kando ya mizani. Hapo nikaona kilichokuwa mbele ya macho yetu siku zote: wenzetu wa maji taka walikuwa wanapimia pale salfeti ya zebaki, unga mweupe wa kipimo cha COD (kiasi cha oksijeni kinachohitajika kuuoksidisha uchafu wa maji), na sisi tukapimia samaki juu ya sahani ileile.

Kuhusu chupa za polithini niseme kwa ufupi: mvuke wa zebaki hupenya kuta zake, kuingia na kutoka. Tumia glasi au tefloni yenye kifuniko kinachobana.

"Basi toa blanki kwenye matokeo." Inafaa blanki ikiwa ndogo na imetulia. Ikiwa leo 5 na kesho 30, unatoa ipi? Kikomo cha ugunduzi, yaani kiasi kidogo kabisa ambacho mashine inaweza kukitambua, hutokana na jinsi blanki zinavyotawanyika, kwa hiyo mtawanyiko ukikua, sampuli ndogo hazipimiki tena, hata utoe nini.

Na uchafuzi haupandishi namba tu. Kloridi ya bati ikirudi kwenye mpira wa sampuli, huigeuza zebaki kuwa mvuke kabla haijafika inapotakiwa, na sehemu yake hupotea njiani. Blanki itakuwa nzuri, matokeo yatakuwa ya chini, na hakuna atakayelalamika. Ongeza kiasi unachokijua kwenye sampuli halisi: ukiweka 10 ukapata 6, ng'oa mpira huo kabla hujasaini ripoti.