Je, wajua kwa nini chumba cha katikati cha nyumba ya kijijini China hakilaliwi na mtu?

Ingia nyumba yoyote ya zamani ya wakulima katika majimbo ya Hunan, Sichuan au Fujian. Chumba kikubwa kuliko vyote kiko katikati, mlango wake mpana unatazama uani, na ndani hakuna kitanda. Watu tisa wanaweza kubanana katika vyumba vya pembeni, wajukuu watatu wakagawana shuka moja, na chumba hicho kisiguswe. Kinaitwa tangwu, na kina wenyewe: mababu.

Kuelewa walivyokipata, tuanze na hesabu ya fundi. Nyumba ya Kichina huhesabiwa kwa jian, yaani nafasi iliyo kati ya safu moja ya nguzo na safu inayofuata, kama mita 3 hadi 4 hivi. Idadi ya jian huwa witiri, 3 au 5, kwa sababu shufwa haina katikati. Mwaka 1393 utawala wa Ming uliweka sheria kwamba raia wa kawaida asijenge zaidi ya jian 3 wala asipake mbao zake rangi za mapambo. Kwa mkulima, basi, hesabu ilikuwa fupi: jian moja ya mababu, mbili za walio hai. Aliyezidiwa na watoto aliongeza vyumba pembeni mwa ua, kushoto na kulia, ndiyo maana nyumba nyingi zina umbo la mikono iliyokunjwa kukumbatia ua.

Nyumba hutazama kusini kila inapowezekana. Jua la majira ya baridi huko hupita chini upande wa kusini, likaingia hadi katikati ya chumba, na ukuta wa kaskazini huachwa karibu bila madirisha ili upepo wa Siberia usipate pa kupita. Sasa simama ndani ya tangwu, mgongo kwa madhabahu, uso mlangoni. Mkono wako wa kushoto ni mashariki, na kushoto ndiko kwenye heshima. Kwa hiyo sehemu nyingi wazazi hulala chumba cha mashariki, na mwana aliyeoa hupewa cha magharibi. Mgeni anayejua utaratibu huu haulizi nani mkubwa katika nyumba. Anaangalia tu nani anatokea mlango upi.

Madhabahu yenyewe iko ukutani, mkabala na mlango: meza ndefu nyembamba yenye vibao vya majina ya waliotangulia na chungu cha kuchomekea vijiti vya udi. Juu yake, hasa kusini magharibi mwa nchi, hubandikwa karatasi nyekundu yenye herufi tano za Kichina, kila moja neno zima: mbingu, dunia, mfalme, wazazi, mwalimu. Mfalme wa mwisho alipoondoka kitini mwaka 1912, watu hawakuitupa karatasi. Walibadilisha neno moja tu, “mfalme” likawa “nchi”. Katika Mapinduzi ya Kitamaduni, kampeni ya kisiasa iliyopiga vita mila za kale, 1966 hadi 1976, vibao vilichomwa moto vijiji kwa vijiji, na mahali palepale pakatundikwa picha ya Mao, kiongozi wa nchi. Nyumba nyingine bado inayo, na udi unachomwa mbele yake.

Chini ya madhabahu kuna meza ya mraba yenye mabenchi manne, watu wawili kila benchi. Kiti kinachotazama mlango ni cha mkubwa. Kijana akijikalia hapo kwa kutojua, hakuna atakayemfokea, ila chakula kitachelewa kuanza mpaka ahame. Mbele ya madhabahu hiyo ndipo maharusi huinama mara tatu: kwa mbingu na dunia, kwa wazazi, kisha wao kwa wao. Bibi harusi anapoingia huruka kizingiti, hakikanyagi.

Ujenzi wenyewe una siku yake kubwa, siku ya kupandisha boriti ya mgongo, ile ya juu kabisa inayopita juu ya tangwu. Tarehe huchaguliwa kwa kalenda ya bahati. Boriti hufungwa kitambaa chekundu, fataki hulipuliwa, na fundi akiwa juu hurusha mikate ya mvuke, peremende na sarafu kwa majirani wanaogombania chini. Mwenye nyumba siku hiyo hafanyi ubahili hata kidogo, na ana sababu. Tangu zamani inaaminika kwamba seremala aliyepunjwa ujira au kulishwa vibaya anaweza kuficha kitu ndani ya kiungo cha mbao, kisu kidogo au kisanamu cha karatasi, na nyumba ikaingiwa na magonjwa na ugomvi. Seremala haohao hupima milango kwa rula ya Lu Ban, fundi wa kale wanayemheshimu kama mlezi wao: takriban sentimita 43, imegawanywa sehemu nane, nyingine za heri na nyingine za shari. Upana wa mlango ukiishia kwenye sehemu ya “ugonjwa”, huongezwa au kupunguzwa kidogo.

Kaskazini mambo hubadilika kidogo, maana baridi haina adabu kwa mababu. Huko chumba cha katikati mara nyingi hubeba majiko, na moshi wake haupotei bure. Hupita kwenye mikondo ndani ya kang, jukwaa la matofali lenye kimo cha sentimita 60 hadi 70 lililo chini ya dirisha la chumba cha jirani, kisha hutokea kwenye dohani. Mabua ya mahindi yanayopika uji wa jioni ndiyo yanayowapa watu joto usiku. Ncha iliyo karibu na jiko ndiyo yenye moto zaidi, nayo ni ya bibi, babu au mgeni. Mikondo ikiwa mipana mno, joto hukimbilia nje. Masizi yakijaa, moshi hurudi jikoni. Dohani isipopita kimo cha paa, upepo huusukuma moshi chini. Hatari kubwa ni ufa kwenye tope la juu, kwa sababu hewa ya sumu hupenya humo watu wakiwa usingizini. Ndiyo maana kang hubomolewa na kujengwa upya kila baada ya miaka michache. Matofali ya udongo yaliyoshiba masizi hupondwa na kumwagwa shambani kuwa mbolea.

Na jiko, kuliko ukuta, ndilo linalosema nani ni familia moja. Ndugu wakigawana mali, hupata mafungu sawa, na mjomba upande wa mama hualikwa kushuhudia. Wanaweza kuendelea kuishi chini ya paa lilelile, lakini siku mdogo anapojenga jiko lake wameshakuwa nyumba mbili. Vijijini Taiwan, kaka mkubwa alibaki na jiko la zamani, na wadogo walichukua makaa humo kuwashia ya kwao. Tangwu haikugawanywa, ilibaki ya wote.

Leo pesa za viwanda vya Guangdong, jimbo la kusini, zimejenga maghorofa ya saruji yenye vigae, sakafu za juu mara nyingi hazijapigwa hata plasta. Kiwanja ni mali ya kijiji, kaya moja kiwanja kimoja, na mtu wa mjini haruhusiwi kununua. Kwa hesabu ya biashara ni hasara tupu: wenyewe wako kazini Shenzhen, jiji la Guangdong, miezi kumi na moja. Lakini mwana bila nyumba hapati mchumba kirahisi, na ghorofa ya chini, katikati, bado ni tangwu.

Kuna wakati mmoja tu mtu hulazwa humo. Sehemu nyingi za kusini, mzee akiwa anakata roho hutolewa chumbani mwake, akalazwa ubaoni mbele ya madhabahu, ili afie walipo wenzake anaokwenda kuungana nao. Ndiyo maana wazee waliolazwa hospitali za mjini huwaomba watoto wawarudishe kijijini mapema, wakiwa bado wanapumua.