Akaunti ya pili si dawa: safari zako na chapa ya ukocha wa ubunifu

Mwezi huu peke yake makocha watatu wamenijia na uamuzi waliokwisha kuufanya. Mmoja anafundisha uandishi, mmoja upigaji picha, mmoja ubunifu wa mavazi, na wote wamefungua akaunti ya pili ya Instagram kwa ajili ya safari zao "ili chapa isichafuke", yaani ili sura ya kazi yao mbele ya wateja isiharibike. Nimefanya ushauri wa chapa hapa Dar es Salaam kwa muda wa kutosha kuona akaunti hizo zinavyoishia, na naomba niseme waziwazi kwamba imani hii si sahihi, tena inawagharimu hasa watu wanaofanya kazi peke yao, wasio na msaidizi wala muda wa kulisha kurasa mbili. Akaunti ya pili hufa njaa ndani ya miezi michache, na ile ya kwanza hubaki na bei, tarehe za kozi na mwisho wa kujiandikisha, bila mtu ndani yake.

Safari haichafui chapa. Kinachoichafua ni chapisho ambalo msomaji akilimaliza hawezi kusema mwenye ukurasa anafanya kazi gani.

Huyo anayefundisha uandishi alivuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani, akapigwa picha mbele ya Msikiti Mkuu jua likielekea kuzama, akaandika chini yake kwamba maisha ni safari na kwamba tuipende nchi yetu. Picha ilipendwa sana, lakini ujumbe wote aliopokea ulikuwa wa aina moja: kifurushi cha Kilwa ni shilingi ngapi, chakula kimo, watoto wanalipa nusu? Kwa siku nne alikuwa wakala wa utalii bila kukusudia, na hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza habari za mswada. Hapo ndipo alipokata shauri kwamba kazi na safari havichangamani.

Nilimwomba anisimulie uvukaji ule upya, taratibu, bila picha. Akakumbuka kwamba upepo ulipowajia kwa mbele nahodha alisema "tutabisha", naye akashtuka, kwa sababu neno hilo alilijua kwa maana ya kupinga kauli ya mtu, ilhali kwa mabaharia kubisha ni kwenda kinyume cha upepo kwa mshazari, mara upande huu mara upande ule, kwa kuwa chombo cha tanga hakiwezi kuukabili upepo moja kwa moja. Nilimwambia kwamba chapisho lake lilikuwa hapo, akaliacha baharini. Akaliandika. Alieleza jinsi wanafunzi wake wanavyomrukia mpinzani tangu aya ya kwanza ya makala ya hoja, akaonyesha namna aya inavyoweza kumkubalia msomaji jambo moja, ikageuza tanga, na kumbe imesonga mbele. Kilwa ilikuwamo, bahari ilikuwamo, nahodha alikuwamo, na mara hii waliomwandikia walitaka kujua kama darasa lina nafasi.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera zaidi. Wengi wakisikia mfano huu huondoka na kanuni mbaya kuliko ile ya kwanza: kwamba kila safari sharti ikamuliwe funzo. Hivyo tunasoma kwamba fulani alikwama kwenye foleni Chalinze akajifunza uvumilivu katika biashara, au alipanda kilima akatambua thamani ya kutokata tamaa. Funzo la namna hiyo angeweza kulitoa wakala wa bima, mhubiri au mwalimu wa mazoezi ya viungo, na kwa sababu linamfaa kila mtu halimtambulishi mtu yeyote.

Kipimo changu ni jicho la kazi. Je, katika chapisho hili kuna kitu ambacho mtu asiye wa fani yako asingekiona? Kocha wa uandishi alinasa kitenzi. Kocha wa upigaji picha, akiwa katika mashua ile ile, pengine neno lingempita, lakini angeona jinsi tanga jeupe linavyorudisha mwanga na kulainisha vivuli kwenye nyuso za abiria. Mbunifu wa mavazi angetazama mishono ya tanga na mahali lilipotiwa kiraka. Hata msikiti wenyewe unasomeka hivyo: sehemu ya kaskazini ni ya karne ya 11 na ni ndogo, ilhali upanuzi wa kusini, wenye kuba, ulikuja baadaye na ni mkubwa zaidi. Mhariri akisimama pale ataona rasimu ya kwanza iliyoachwa ndani ya kazi kubwa, wala hatahitaji kuandika neno "funzo".

Mengine nayapitia haraka. Instagram inakupa herufi 150 tu za kujieleza juu ya ukurasa, na neno "kocha" kwa Kiswahili bado humpeleka msomaji uwanja wa mpira, kwa hiyo sema unachofanya: "Ninawasaidia waandishi kumaliza miswada." Bandika juu machapisho matatu ya kazi yasiyohama. Picha za mahali ulipo ziweke ukishaondoka. Na hoteli ikikulaza bure ili uisifu, sema hivyo wazi. Kazi hiyo ikiwa ya kudumu, hapo akaunti ya pili ni halali, kwa sababu sasa una biashara mbili kwelikweli.

Nina mashaka mawili ambayo sijayamaliza. Zamani niliwaambia wateja kwamba chapisho moja kati ya matano linaweza kuwa la safari. Nimeacha, kwa sababu kiwango hicho nilikitunga mwenyewe na sikuwa na msingi wa kukitetea. Shaka la pili ni zito zaidi. Mwanafunzi anayelipa ada kwa awamu, kwa kujinyima, akiona kocha wake ameketi ufukweni siku ya kazi, anaweza kuhesabu kwamba fedha zake ndizo zilizomlaza pale, na hakuna ustadi wa maandishi unaoifuta hesabu hiyo kichwani mwake. Wako wateja niliowashauri wapunguze, na wako niliowaacha waendelee. Sina hakika kwamba nilitumia kigezo kimoja.

Yule wa Kilwa amefunga akaunti yake ya pili. Juzi ameniuliza kama aweke picha za harusi ya mdogo wake Tanga. Nimemjibu aniandikie kwanza maneno aliyoyasikia huko.