Gemu Hii Mbona Haipo Kwenye Simu?

Wazazi na vijana hutuuliza sana swali hili: simu ya leo ina nguvu kupita mashine za zamani za kuchezea gemu, sasa mbona gemu fulani haiwekwi humo? Wengi hudhani ni ufundi. Mara nyingi kinacholindwa ni jina.

Woga huu wa kuharibu jina la kampuni una historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, maduka ya Marekani yalijaa kaseti mbovu za mashine ya Atari, kwa kuwa karibu kila mtu aliweza kuzitengeneza. Wanunuzi walichoka, na mwaka 1983 soko likaanguka. Nintendo ilipoingia huko mwaka 1985, mashine yake ilikuwa na chipu iliyokataa kaseti yoyote isiyoidhinishwa. Kampuni iliyopewa kibali nayo ilibanwa: kwa kawaida gemu tano tu kwa mwaka.

Ukali huo uliwahi kuwatokea puani. Mwaka 1993, gemu ya kupigana ya Mortal Kombat ilipofika kwenye mashine ya Super Nintendo, damu iligeuzwa jasho la kijivu. Mpiganaji anapigwa ngumi ya uso, anaruka huku akitoa jasho! Sega, kampuni iliyoshindana na Nintendo, iliiacha damu, ila ilifichwa nyuma ya mfuatano wa vitufe ambao kila mtoto aliujua. Toleo la Sega likauzika zaidi. Mwaka uliofuata, toleo la pili liliingia Nintendo na damu yake yote. Mwaka huohuo zilianzishwa alama za umri za ESRB, bodi ya Marekani inayoeleza gemu inafaa umri gani.

Mario, mhusika maarufu wa Nintendo, naye alisubiri hadi Desemba 2016 kupata gemu yake kwenye simu, na mchezaji alilipa mara moja tu, karibu dola 10, kufungua hatua zote. Kwangu mimi, hapo Nintendo ilikuwa ikinunua imani ya wazazi.

Gemu ya Cyberpunk 2077 ilifanya kinyume: jina halikulindwa. Ilitoka tarehe 10 Desemba 2020, hata kwa PlayStation 4, mashine ya Sony iliyokwisha kuzeeka, ambako ilikwamakwama na kuzima. Siku chache baadaye Sony iliiondoa kwenye duka lake la mtandaoni na kurudisha pesa za wateja. Haikurejea hadi Juni 2021. Nakala walizopewa wahakiki kabla ya kutoka zilikuwa za kompyuta. Kwa hiyo kabla ya kulipia gemu mpya, tafuta video inayoionyesha ikichezwa kwenye mashine ileile uliyo nayo. Ukiikosa, subiri wiki moja.